Walioacha ubao na bomba la sindano

Zamani hapa Bunia, mji wa Ituri mashariki mwa Kongo, mtu aliyetaka kuwafaa wenzake kwa elimu yake alifundisha, aliuguza, au alitumikia kanisa. Mshahara wa Serikali ulikuwa umeporomoka tangu mwanzo wa miaka ya 1990, na wazazi ndio waliochanga pesa ili mwalimu asiondoke. Hata hivyo heshima ya kazi hizo ilisimama. Mambo yaligeuka mwaka 2003. Juni ile kikosi cha Umoja wa Ulaya kilichoongozwa na Wafaransa kilitua Bunia kuzuia mauaji ya vita vya Ituri, Septemba kikawaachia ulinzi walinda amani wa Umoja wa Mataifa, MONUC, na nyuma yao yakaja mashirika ya misaada. Mashirika hayo yalitaka watu wanaojua Kifaransa, Kiswahili na lugha za vijijini, wanaozijua barabara na machifu, tena wanaoweza kuandika ripoti. Watu wa namna hiyo walikuwa tayari kazini: walimu, wauguzi, wataalamu wa kilimo, makarani wa mahakama. Mwalimu wa fizikia akawa mkalimani. Muuguzi wa miaka mingi akawa msimamizi wa mradi, na kiti chake katika kituo cha afya kikabaki kwa kijana aliyetoka shuleni jana, au kikabaki kitupu.

Sipingi uhamaji huo. Ninachosema ni kwamba tuliupima vibaya. Tuliamini kwamba aliyehamia shirika la misaada amehamia kwenye wema mkubwa zaidi, bila kuuliza nani anashika alipoacha, wala nini kitabaki mradi ukifungwa. Ebola ilitufundisha hilo kwa uchungu. Mlipuko uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 Kivu Kaskazini ulifika kwetu Ituri, na ulipokwisha tarehe 25 Juni 2020 ulikuwa umeua watu 2,287 kati ya wagonjwa 3,470. Riposte, yaani kampeni ya kupambana na Ebola, ililipa kuliko kituo chochote cha afya, na waliokwenda walifanya kazi kubwa: zaidi ya watu 300,000 walichanjwa, na bila wao makaburi yangekuwa mengi zaidi. Lakini nchini kote, kuanzia 2019 hadi Januari 2020 tu, surua iliua zaidi ya watu 6,000, wengi wao watoto. Surua ina chanjo ya siku nyingi ambayo kila muuguzi wa kijijini anaijua. Sisemi waliokwenda Riposte ndio walioleta surua. Nasema uzoefu ulifuata pesa, na pesa hazikufuata vifo.

Kuna watakaojibu kwamba mwalimu naye ana watoto, na ada hailipwi kwa heshima. Ni kweli, na mimi simlaumu hata mmoja aliyeondoka. Elimu ya msingi ya bure iliyoanza 2019 iliwaondolea wazazi mzigo, lakini walimu wengi walikosa mchango wa wazazi kabla Serikali haijawaingiza wote kwenye orodha yake ya mishahara. Ndiyo maana lawama yangu iko kwa wafadhili. Mradi unaoweza kumlipa muuguzi ili akae ofisini Bunia unaweza pia kumwongezea posho akiwa palepale kituoni.

Wengine watasema vita haviruhusu mtu kukaa mahali pamoja. Nawakumbusha Nyankunde, kilomita kama 45 kutoka hapa. Septemba 2002 hospitali yake ilivamiwa, na wagonjwa wakauawa vitandani. Wafanyakazi walionusurika walitembea kwa miguu hadi Oicha, wakaanza tena kutibu huko uhamishoni. Baadaye hospitali ilijengwa upya, na inatibu. Walihama wao, lakini kazi hawakuiacha.

Sasa upepo umegeuka tena. Shirika la misaada la Marekani, USAID, lilifungwa rasmi tarehe 1 Julai 2025, na miradi mingi ya huku mashariki ikafa nalo. Watu wenye miaka kumi, kumi na mitano ya kupanga chanjo, kusikiliza wahanga, kuhesabu magunia na kupatanisha vijiji wako nyumbani. Wakuu wa shule, waganga wakuu wa kanda za afya, maaskofu na wachungaji: waiteni. Msingoje nafasi ya kudumu. Waombeni saa chache kwa juma wafundishe vijana wenu kupanga bajeti na kutunza hesabu za dawa. Nanyi mliokuwa kwenye mashirika, kabla ya kupeleka barua Goma au Kinshasa kutafuta mradi mwingine, piteni kwanza pale mlipoanzia, muulize kunakosekana nini.