Kwa Pikipiki Hadi Mirbat

Mabaharia wa Sur walikuwa wakifika Mombasa na upepo wa kaskazi, majahazi yao yamesheheni tende, chumvi na samaki mkavu, kisha wakarejea kwao na kusi wakiwa wamepakia boriti za Lamu, nazi na nafaka. Baina ya pepo hizo mbili walikaa miezi kadhaa, na si wachache waliooa. Ndiyo maana katika Mji wa Kale zipo hadi leo nyumba ambazo upande mmoja wa nasaba unajulikana babu kwa babu, na upande wa pili unakomea bandarini. Nyumba yetu ni mojawapo. Babu, mzaa mama, aliabiri na kusi ya mwaka 1955, akamwacha nyanya na mimba ya mama, wala hakurudi tena.

Nyanya aliishi na kufa akisema kwamba bahari ilimchukua. Majirani walikuwa na maneno mengine, nayo mama aliyasikia tangu utotoni. Hakuna aliyejua hakika. Kilichobaki ni karatasi ya ndoa iliyoandikwa na mwalimu wa mtaa, yenye jina la babu, la baba yake na la babu yake, basi. Mtaani wote walimwita Msuri. Mama sasa anakaribia miaka sabini, na dada yangu ameolewa Maskati. Mwaka huu mama alisema waziwazi kwamba angependa kujua kabla hajafumba macho: alifiwa, au aliachwa?

Ndugu wasomaji mtauliza kwa nini basi nilikwenda kwa pikipiki. Jibu ni la kawaida. Mimi ni fundi wa pikipiki, na chombo hicho nakijua kwa mkono na kwa sikio. Lakini kwetu Mombasa neno hilo lina harufu ya hospitali. Nani hana jamaa aliyevunjika mguu au kuzikwa kwa ajili ya bodaboda? Mama alinyamaza siku tatu, kisha akatoa idhini kwa masharti: nisiendeshe baada ya magharibi hata kwa dharura, nimpigie simu kila jioni, na kofia ngumu isitoke kichwani ila nikiwa nimesimama. Sharti la kwanza lilikuwa na hekima kuliko alivyojua mwenyewe. Usiku katika barabara za Oman ngamia huvuka bila taa wala onyo, na mwenye pikipiki akimgonga ngamia hapati nafasi ya kusimulia.

Nilitoka Maskati Januari baada ya sala ya alfajiri. Huo ndio msimu mwafaka, kwani kiangazi cha huko hakifai hata kwa mwenye gari lenye kipoza hewa. Magari hupita upande wa kulia, na kwa mtu aliyezoea kushoto saa ya kwanza ni ya kumtaja Mungu kwenye kila mzunguko wa barabara. Baada ya Quriyat njia inafunguka, milima myekundu mkono wa kulia na bahari mkono wa kushoto. Ndipo nikauhisi upepo mgongoni. Ulikuwa kaskazi, upepo ule ule uliowaleta Wasuri kwetu, nao unanisukuma mimi kusini kama unavyosukuma tanga.

Qalhat iko njiani kabla ya Sur. Leo ni magofu, na kilichosimama ni kaburi la kuba lijulikanalo kwa jina la Bibi Maryam, mwanamke aliyetawala mji huo. Wareno waliuvunja mji mwaka 1508. Lakini karibu karne mbili kabla yao alipita hapo Ibn Battuta, yeye yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 na kusimulia watu wetu walivyokula ndizi na samaki, na walivyonawa miguu kabla ya kuingia misikitini mwao ya mbao. Kutoka Kilwa alisafiri hadi Dhofar, kisha akapanda na pwani mpaka Sur, akauona mji wa Qalhat kwa mbali, akadhani ni karibu. Akaenda kwa miguu na mtu wa kumwongoza ambaye nia yake ilikuwa kumpora nguo, akafika miguu imevimba ndani ya viatu. Mimi mwendo huo niliumaliza kabla chai ya kwenye chupa haijapoa. Nilisimama hata hivyo, nikaitazama njia yake ya mawe, nikaona aibu kulalamika kwamba kiti kinaumiza.

Sur ni mji mweupe uliozunguka hori. Karakana ya majahazi bado ipo, ingawa kazi imepungua, na ghanja liitwalo Fatah al-Khair, lililoundwa hapo mwaka 1951, limewekwa nchi kavu ili watoto walione. Nilitazama urefu wake nikafikiri: katika chombo kama hiki babu alilala sitahani, wiki baada ya wiki, hadi akaiona Ngome Kuu. Jioni nilivuka daraja kwenda Ayjah, kitongoji cha manahodha, na baada ya sala nikamwonyesha imamu karatasi yangu. Imamu alinipeleka kwa mzee mmoja aliyekuwa akijua Kiswahili cha bandarini, kile cha kuhesabu magunia na kutukanana kwa upendo. Akaisoma karatasi mara mbili.

"Huyu si Msuri," akaniambia. "Alisafiri na vyombo vya Sur, lakini majina haya ni ya watu wa Dhofar. Tulikuwa na mabaharia wa Mirbat. Waulize wa Mirbat."

Mirbat! Kutoka Sur kuna takriban kilomita elfu moja kwa njia ya pwani. Usiku ule nilimpigia mama, nikamweleza. Aliuliza jambo moja tu, kama mafuta yatanitosha.

Swali hilo lilikuwa na maana. Baada ya Ras al Hadd, upande wa mashariki wa Bara Arabu, ambako kasa hupanda ufukweni kutaga, nchi inabadilika. Kusini ya Ashkharah, mchanga wa Sharqiya, watu wengine wauitao Wahiba, unashuka mpaka baharini. Jangwa hilo lina urefu wa karibu kilomita 180 na vilima vya mchanga vifikavyo mita mia. Barabara inapita ukingoni mwake, na upepo hutandaza ndimi za mchanga juu ya lami. Gari huzipita bila kujua. Pikipiki huteleza kama mtu aliyekanyaga ganda la ndizi. Ukiona lami imegeuka rangi, punguza mwendo mapema, usiguse breki ya mbele, shika mpini kwa ulaini na uache gurudumu lipite. Vituo vya mafuta viko mbali mbali, nami nilijaza tangi katika kila kimoja hata kama lilikuwa limepungua kidogo tu, na nikafunga dumu la lita tano nyuma. Maji vivyo hivyo.

Kuhusu sala, msafiri ana rukhsa ya kufupisha na kukusanya, na sijawahi kuithamini rukhsa hiyo kama nilivyoithamini kusini ya Duqm, ambako nilisali peke yangu kando ya barabara, pikipiki ikiwa sutra yangu, na hakuna kilichosikika ila injini ikipoa kwa milio midogo. Watu huuliza kama safari ya peke yako haina upweke. Ina upweke, bila shaka. Ila upweke wa pale si ule wa mtu aliyesahauliwa, kwa sababu kila gari lililonikuta nimesimama lilipunguza mwendo, na dereva akainua mkono kuuliza kama nina shida.

Siku moja nilikuwa nayo. Kabla ya Shuwaymiyah tairi la nyuma lilitobolewa na jiwe kali, na kiraka hakikushika. Haikupita nusu saa akasimama mvuvi na mkewe katika gari la kubebea samaki. Mvuvi akaniinulia pikipiki pamoja na masanduku ya barafu. Mkewe, aliyefunika uso kwa barakoa, akasogea ndani na kuniwekea tende na chupa ya kahawa yenye iliki kwenye dirisha la nyuma. Hakusema nami neno, wala hakukuwa na haja. Waliniacha kwa mziba pancha, wakakataa fedha.

Kutoka Shuwaymiyah kwenda Hasik barabara imekatwa ndani ya majabali, ikapanda na kushuka juu ya bahari. Huko huota miti ya ubani, mifupi, iliyopinda, ngozi yake ikibanduka kama karatasi. Huchanjwa kwa kisu, utomvu ukatoka mweupe na kuganda. Wasomaji wanaofukiza nyumba zao Ijumaa wajue kwamba mti wenyewe unaishi kwa shida, juu ya mawe, karibu bila maji.

Niliingia Mirbat alasiri ya siku ya tano. Ni mji mdogo wa wavuvi, na nje yake, makaburini, ziko kuba mbili nyeupe za Muhammad bin Ali, Sahib Mirbat, wa karne ya 12. Masharifu wa Ba Alawi wanashuka kwake, wakiwemo Jamalilail wa Lamu, kwa hiyo niliyemzuru hapo hakuwa mgeni kwetu. Alfajiri ya pili, katika msikiti wa karibu, imamu aliinua mikono kwa qunuti. Maskati nilisali nyuma ya Maibadhi, wasiofanya hivyo, na sala yao ni sala. Lakini kusikia qunuti, baada ya jangwa lile, nilijihisi nimeingia mtaani kwetu.

Baada ya sala nilitoa karatasi. Wazee watatu wakaishika, wakanong'ona, mmoja akaondoka. Alirudi na kijana, na kijana akanipeleka kwenye nyumba yenye mlango wa buluu.

Bibi mmoja alizungumza nami akiwa nyuma ya mlango huo, kijana akitafsiri kwa Kiingereza. Aliuliza jina la nyanya. Nikamtajia. Akanyamaza. Kisha akauliza: mtoto alikuwa wa kike au wa kiume? Nikasema wa kike. Akalitaja jina la mama yangu kabla sijalitamka. Baba yake, alisema, alikuwa ameagiza kwamba akizaliwa wa kike aitwe jina hilo, jina la mama yake mwenyewe. Mlango ukafunguka. Khaloo wangu alisimama uso wazi, nami nikaubusu mkono wake.

Babu hakufa baharini. Alirudi Mirbat kumzika baba yake, na macho yake yakaanza kufifia. Kwa miaka michache akawa kipofu. Baharia kipofu hana chombo kitakachompakia. Alituma salamu mara mbili na vyombo vya Sur, kisha mwaka 1965 vikaanza vita vya Dhofar na njia zikafungwa kwa miaka kumi. Alioa tena, akapata binti mmoja, akafa katika miaka ya themanini. Hivyo ndivyo khaloo alivyosimulia, na sina sababu ya kutomwamini. Hata hivyo, nitasema nililolifikiria usiku ule: kipofu anaweza kuandikiwa barua, na vita viliisha yeye akiwa hai. Nilipomwambia mama hivyo, alinikatiza. Kwake imetosha kwamba jina lake lilikuwa likitajwa katika nyumba ile.

Wale dada wawili walizungumza kwa simu jioni hiyo hiyo. Lugha ya pamoja hawana. Mama ana Kiarabu cha sala na dua. Khaloo ana maneno manne ya Kiswahili aliyoachiwa na baba yake, na mojawapo ni "nazi". Wakasaliana, wakaombeana, wakalia, wakarudia tena. Mimi nilishika simu.

Kurudi nilipita njia ya ndani, Salalah hadi Thumrait, Haima na Nizwa, karibu kilomita elfu moja, nchi tambarare kiasi kwamba jicho halipati pa kutua. Sina mengi ya kuisifia. Upepo ulikuwa wa mbele.

Kilichobaki si changu. Siku ya kuagana khaloo alileta jambo ambalo sikulitarajia: nyumba ile na kiunga cha minazi Salalah viliachwa na baba yao, na mabinti wawili hugawana thuluthi mbili sawa kwa sawa. Yeye aligawiwa kama binti pekee. Sasa anataka kwenda kwa kadhi, asije akasimama mbele ya Mola wake na haki ya dada yake mkononi. Mama amekataa, asema hakunituma kutafuta mali. Khaloo naye hakubali kukataliwa. Kila Ijumaa baada ya alasiri wanabishana, kwa Kiarabu cha dua na maneno manne ya Kiswahili, na karatasi ya ndoa imekwisha pelekwa kwa mfasiri.