Baba Yetu Ndani ya Studio

Kuna Sala ya Bwana moja ninayopenda kuisimulia, na haikusaliwa kanisani. Ilisaliwa mwaka 1984 ndani ya studio ya muziki huko Marekani, na kwaya ya injili iitwayo New Jersey Mass Choir, iliyokuwa imeitwa kuitikia wimbo wa bendi ya roki.

Bendi hiyo ni Foreigner. Ilianzishwa New York mwaka 1976 na Mick Jones, mpiga gitaa Mwingereza, pamoja na Waingereza wengine wawili na Wamarekani watatu. Jina lao maana yake ni mgeni, kwa sababu wakiwa Uingereza au Marekani, nusu yao wangekuwa ugenini. Walipiga magitaa mazito na ngoma za kishindo, ila juu yake kulikuwa na sauti tamu isiyotoka kichwani upesi. Nyimbo zao nyingi hazina la kutufundisha sisi washarika, wala sitajifanya kwamba zinalo.

Ninaousema hapa ni mmoja, I Want to Know What Love Is, yaani mtu anataka kujua upendo ni nini. Jones amesimulia kwamba ulimjia kama saa tisa usiku, watu wote wameondoka na simu zimenyamaza. Anasema hajui ulitoka wapi. Anauona kama zawadi iliyopitia kwake kutoka kwa kitu kilicho kikubwa kuliko yeye. Hebu fikiri, ndugu msomaji. Mtu ana fedha, ana jina, amejaza viwanja, anakaribia miaka 40, na usiku wa manane bado anauliza swali hilo.

Kwaya ilipofika iliimba mara kadhaa. Ilikuwa vizuri, lakini Jones aliona bado wanasitasita. Ndipo wakakaa duara, wakashikana mikono, wakasali Baba Yetu. Waliporudi kuimba, ilitosha mara moja tu. Baba na mama yake Jones walikuwa mle studioni siku hiyo, na mwenyewe anasema alitokwa na machozi. Mwanzoni mwa 1985 wimbo huo ulishika namba moja Uingereza na Marekani.

Nisiipambe habari hii kupita kiasi. Jones na mwimbaji wake, Lou Gramm, hawakukubaliana ni sehemu gani ya utunzi ilikuwa ya Gramm, na mwaka 2003 waliachana. Wimbo unaouliza upendo ni nini ukawa ugomvi kati ya walioutoa! Gramm mwenyewe alimpokea Kristo mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya matibabu ya ulevi na dawa za kulevya, na mwaka 1997 alipasuliwa uvimbe kwenye ubongo. Sisemi ni wimbo uliomwongoa.

Kinachonigusa ni ile kwaya. Haikubadili maneno ya Jones yawe mahubiri. Ilisali sala yake, kisha ikasimama kando ya mtu anayeuliza, ikauliza pamoja naye. Katika Katekisimo Ndogo Luther anafundisha kwamba Mungu anatuvuta tumwombe bila hofu, kama watoto wanavyomwomba baba yao mpendwa. Mtoto huanza kwa kutaka kujua.

Habari hii ilinifaa sana siku msanii mmoja kijana, aliyepata kipaimara usharikani petu, alipoomba kwaya ya vijana imwitikie katika wimbo wa kumlilia mama yake. Si wimbo wa injili. Baraza la wazee lilikaa saa tatu. Mzee mmoja akaniuliza, "Mchungaji, wakishaingia huko, nani atawatoa?" Ni swali la haki, kwa maana tumewahi kupoteza waimbaji wazuri kwa njia hiyo hiyo.

Wengine wakasema Luther naye alichukua nyimbo za vilabuni. Hilo hurudiwa mno, na si kweli. Kweli ni ndogo zaidi, na kwangu ni nzuri zaidi: wimbo wake wa Krismasi, Vom Himmel hoch, ulichapwa mwaka 1535 kwa tuni ya wimbo wa mafumbo wa vijana, unaoanza na mgeni atokaye nchi za mbali. Miaka minne baadaye ukapewa tuni nyingine. Luther alijaribu, akapima, akabadili.

Nikawasimulia kuhusu New Jersey. Mzee yule akatikisa kichwa: "Hao walisali kwanza. Wetu watasali?" Nikamjibu kwamba hilo ni letu kuwafundisha, na kwamba kijana aliyefiwa na mama anapotuomba sauti, tukimwambia arudi akiwa na wimbo wa injili, huenda asirudi kabisa. Ruhusa ikapita kwa tofauti ya kura mbili.

Siku ya kurekodi, mzee alipanda gari pamoja na vijana bila kuombwa. Aliwasalisha mlangoni, kisha akakaa kwenye benchi la nje mpaka saa mbili usiku. Jumapili nilipomuuliza mambo yalikwendaje, alinijibu kwamba sauti ya nne walikosea mara mbili.