Usiitupe kompyuta kuukuu kwa sababu ya waya

Msomaji, ikiwa kwenu kuna kompyuta ya mezani iliyonunuliwa miaka kumi au kumi na mitano iliyopita, hapana shaka umeambiwa kwamba imepitwa na wakati. Inawaka vizuri, inachapa barua na kupiga hesabu. Dosari yake ni moja tu: haiwezi kunasa mtandao wa waifai, ambao hata simu ya bei nafuu hunasa bila taabu. Basi hufunikwa kitambaa, na juu yake pakawekwa maua ya plastiki.

Waswahili walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Kabla hujakimbilia kipya, fahamu kwamba kinachokosekana ni kidude kisichozidi kidole gumba.

Kwetu ruta iko sebuleni, na kompyuta ilikuwa katika chumba cha watoto. Iliunganishwa kwa waya wa mita 15 uliopita ukumbini chini ya zulia. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye na ambaye macho yake yamefifia, alijikwaa jioni moja akawahi kushika ukuta. Hakulalamika. Alisema tu, "Mwanangu, nyumba hii ina mtego."

Waya ukaondolewa usiku huo huo. Binti yetu, aliye katika shule ya upili, akawa anategemea simu ya babake kwa kazi za shule. Baba akichelewa kazini, na kazi ya mtoto ililala.

Muuzaji mmoja wa jijini alinishauri ninunue kompyuta mpya. Bei aliyotaja ilikaribia karo ya muhula mzima! Nilimshukuru, nikavuka barabara, na duka la pili likaniuzia kifaa cha waifai kwa Sh1,200.

Nawe ukienda kununua, chunguza mambo manne.

Kwanza, tundu la USB. USB 2.0, iliyotangazwa mwaka wa 2000, inaweza kupitisha megabiti 480 kwa sekunde; iliyoitangulia ilikomea 12. Ukiona tundu lenye ulimi wa samawati, mara nyingi hilo ni USB 3.0, lenye kasi zaidi. Kuna pia kadi yenye antena inayopachikwa ndani, lakini hiyo yahitaji sanduku lifunguliwe, na afadhali fundi aifanye kazi hiyo.

Pili, masafa. Mawimbi ya gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri, ila katika jengo la orofa majirani wote huyagombania. Yale ya gigahezi 5 yana kasi, lakini ukuta wa mawe huyadhoofisha upesi. Chagua kifaa chenye masafa yote mawili.

Tatu, programu ya kukiendesha kifaa. Hapa ndipo wengi hukwama. Kompyuta hutaka kuipata programu hiyo mtandaoni, ilhali mtandao wenyewe ndio unaotafutwa! Suluhisho ni simu ya Android. Iunganishe na kompyuta kwa waya wake wa chaji, kisha katika mipangilio ya simu uwashe sehemu ya kugawa intaneti kwa USB. Kompyuta itapakua programu, nawe utachomoa simu yako.

Nne, usalama. Microsoft iliacha kuitunza Windows 7 Januari 2020, na utunzaji wa kawaida wa Windows 10 ukakoma Oktoba 2025. Kuingia mtandaoni kwa mashine isiyopata marekebisho ni kulala mlango wazi. Ikiwa yako haiwezi kupokea Windows mpya zaidi, ipo Linux Mint, ambayo ni ya bure na haiilemei mashine kuukuu. Uliza kwanza kama kifaa unachonunua kinakubaliana nayo. Aidha, hakikisha ruta yako inatumia ulinzi wa WPA2 au WPA3.

Changu, nilipokichomeka nyuma ya kompyuta, kilinasa kwa kusuasua kwa sababu sanduku la chuma lilikuwa limekikinga. Waya wa USB wa kurefushia, wa mita moja, ulitosha kukileta juu ya meza, na kurasa zikaanza kufunguka bila kusitasita.

Kilichobaki kilikuwa kigumu kuliko ufundi. Maadamu waya haupo, kompyuta ingeweza kukaa popote. Binti alitaka ibaki chumbani, mlango ukiwa umefungwa. Babake alitaka iwe sebuleni, mbele ya macho ya watu wazima. Mama mkwe akauliza, "Mtoto ataelewa nini huku runinga inapiga kelele?"

Tulikubaliana iwekwe penye meza ya kulia chakula, kioo chake kikitazama ukumbi, na runinga izimwe kuanzia saa moja hadi saa tatu usiku. Binti alinung'unika kwa sababu ya mlango, nasi tukanung'unika kwa sababu ya taarifa ya habari.

Msomaji, zamani waya ndio uliotuamulia mahali pa kompyuta. Sasa uamuzi ni wenu nyumbani. Kwa hivyo, kabla hujamwita mnunuzi wa vyuma vikuukuu, geuza sanduku hilo uhesabu matundu yaliyo nyuma. Halafu waite wote wa nyumbani, nyanya akiwemo, muamue itakaa wapi.