Sauti Zetu, Laptopu Yetu



Msimu wa harusi ukikaribia, khasa mfunguo mosi, maharusi wanatuuliza sisi wapiga dufu swali moja: mnaweza kuturikodia kasida yetu wenyewe, ipigwe ukumbini biharusi anapoingia? Tunaweza. Na siku hizi tunarikodi chumbani kwetu, wanawake watupu, kwa laptopu na kijisanduku kimoja kidogo. Vikundi vyengine vimetuomba tueleze tunavyofanya, na leo ndiyo tunaeleza.

Kwanza sababu. Zamani tulikuwa tunakwenda studio. Tulilipa, tukaimba, tukaondoka na nakala yetu kwenye flashi. Miezi miwili haikupita, kasida ile ile, yenye jina la biharusi na la mama yake ndani, ikawa inasikika kwenye daladala. Biharusi alilia mpaka macho yakavimba. Tulipouliza, kila mtu pale studio alisema si yeye. Hatukuimba jambo la aibu, ilikuwa ni kumsalia Mtume (s.a.w.) na dua za ndoa. Lakini tuliimba kwa ajili ya wanawake wenzetu, na ile sauti ilikuwa amana.

Tunajua yatakayosemwa hapa. Wapo wanaoshika kuwa sauti ya mwanamke ni aura, na wapo masheikh wengi wanaosema sauti yenyewe si aura bali kinachokatazwa ni kuilegeza, wakitaja aya ya 32 ya Suratul Ahzab. Hata ndani ya kikundi chetu hatuko rai moja. Dufu la harusi halina ugomvi: katika Bukhari imo hadithi ya Rubayyi' bint Muawwidh, wasichana walipiga dufu na kuimba siku ya harusi yake na Mtume (s.a.w.) amekaa pale, akawakataza neno moja tu walilolitia kuhusu yeye kujua ya kesho. Tulipokubaliana sote ni hapa: nani atasikia, tuamue sisi na biharusi, asiamue fundi wa studio.

Siti binti Saad ilibidi apande meli mwaka 1928 mpaka Bombay ndipo sauti yake ipate kuingia kwenye santuri. Sisi tunahitaji meza, stuli mbili na mlango uliofungwa.

Sasa chombo. Maiki iliyomo ndani ya laptopu haifai. Inachukua mvumo wa feni yake yenyewe, na sauti ya watu wanane inatoka kama imefunikwa na sufuria. Unachohitaji ni saundi kadi ya nje, kijisanduku kinachochomekwa kwa waya wa USB. Yetu ni Focusrite Scarlett 2i2, tumeinunua kwa fedha za upatu. Hizo mbili mbili za jina lake ni njia mbili za kuingia na mbili za kutoka. Zinatutosha, kwa sababu kasida ina mwimbishaji na waitikiaji. Maiki ya kwanza tunampa mwimbishaji, ya pili tunaiweka mbele ya wanaoitikia, na kila moja inaingia kwenye mstari wake ndani ya programu. Baadaye ukitaka kumpandisha mwimbishaji bila kuwagusa wengine, unaweza. Programu tunayotumia ni Audacity, ni ya bure.

Maiki za kondensa, zile zinazosikia hata pumzi, zinataka umeme wa volti 48 kutoka kwenye kisanduku. Kipo kitufe kimeandikwa 48V. Usipokibonyeza utakaa saa nzima ukidhani maiki ni mbovu. Maiki za kawaida za kushika mkononi, kama za ukumbini, haziuhitaji.

Kisha nguvu ya sauti. Kila njia ina kinobu chake, na pembeni yake kuna mwanga: kijani ni salama, nyekundu ni sauti imepasuka, na iliyopasuka haitengenezeki tena. Dufu ndilo linalodanganya. Mwimbishaji anaanza pole pole, unapandisha kinobu, halafu madufu manne yanaingia kwa pamoja na mwanga wote unakuwa mwekundu. Basi waambie wapige kwanza kwa nguvu zao zote, upime kwa hapo, uhakikishe kilele hakipiti desibeli 12 chini ya sifuri. Wapiga dufu wakae nyuma, hatua tatu au nne kutoka kwenye maiki. Na bangili zivuliwe! Shoga mmoja ana bangili saba za dhahabu hataki kuzivua hata akilala. Yeye tumempa kazi ya kubonyeza laptopu.

Ukivaa hedifoni utagundua sauti yako inakurudia kwa kuchelewa, kama mwangwi. Hiyo ni kwa sababu inaingia kwenye laptopu, inasubiri zamu, ndipo inatoka. Laptopu ikiwa inakusanya sampuli 1,024 kwa mkupuo, kwenye kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, kusubiri huko peke yake ni milisekunde 21 hivi, na dufu likichelewa kiasi hicho mkono unapotea. Punguza mpaka 128 au, rahisi zaidi, washa swichi ya kujisikiliza moja kwa moja kwenye kisanduku. Hapo unajisikia kabla sauti haijafika laptopu.

Chumba kina nguvu kuliko chombo. Vigae na kuta tupu vinarudisha sauti. Sisi tunasimamisha magodoro mawili ukutani, tunatandika zulia, tunafungua makabati ya nguo na kutundika kanga mlangoni. Feni inazimwa, kwa hiyo joto mtalistahamili. Mchana kuna kunguru na bodaboda; tunarikodi baada ya Isha. Chaja tunaichomoa, kwa kuwa mara nyingi inaleta mngurumo kwenye maiki, na betri ikiwa imejaa hata umeme ukikatika kazi haipotei.

Kurikodi tukimaliza tunahifadhi kwa WAV, biti 24. Kwa njia mbili ni kama megabaiti 17 kila dakika, kasida ya dakika nane inapita 130. MP3 tunatoa moja tu, ya kupigwa ukumbini, nayo inakaa kwenye simu ya somo wa biharusi. Hatuitumi WhatsApp, hata kwa dada wa biharusi aliyeko Maskati. Harusi ikiisha, biharusi anachagua: tumkabidhi faili zote tufute kwetu, au tumwekee. Wengi wanasema tuwawekee, wawili walitaka zifutwe na tukazifuta mbele yao.

Lililobaki hatujaafikiana nalo ni la bibi yetu. Yeye ndiye aliyetufundisha, ana kasida ambazo hazimo katika daftari la mtu yeyote, na kifua chake sasa hakivuki beti tatu bila kupumzika. Tulimrikodi kwa siku nne, beti tatu tatu, maiki karibu na kidevu chake, naye ameshika tasbihi tukamwomba aiweke chini maana shanga zilikuwa zinasikika. Mwanawe mmoja anataka siku bibi akiondoka, kila kitu kifutwe, asije akasikika na asiostahiki kumsikia. Wajukuu wanasema ni urithi. Tulimuuliza mwenyewe. Akavaa hedifoni, akajisikiliza kimya mpaka mwisho, akasema, "Wasikilizisheni watoto wa kike mpaka waimbe bila ya mimi. Baadaye mtaniuliza tena."

Basi kila Alkhamisi baada ya madrasa wasichana sita wanakaa chini kwenye zulia na hedifoni moja, wanapokezana. Kasida mbili wameshazishika. Bado tisa.