Msimu wa Ng'ambo na Safari ya Mpira

Kila mwaka, mwezi wa Agosti unapofika katikati, vijana wa Morogoro hubadilisha kalenda. Jumamosi haiwi tena siku ya gulio wala ya kufua nguo, inakuwa siku ya Arsenal, au ya Liverpool, au ya Manchester. Ukimtuma kijana dukani saa kumi jioni usitegemee kumwona mapema. Msimu mpya wa ligi za Ulaya umeingia, na umeingia bila kubisha hodi. Mvua za vuli siku hizi huchelewa, lakini msimu wa Ulaya hauchelewi hata siku moja.

Huko kwetu Mgeta, juu katika milima ya Uluguru, jambo hili lina vituko vyake. Kuna kibanda cha mabati chenye mabenchi ya mbao na televisheni moja, kile ambacho vijana hukiita kibanda umiza, na jina hilo halikukosewa. Mechi za Jumamosi za Uingereza zinazochezwa saa tisa alasiri kwa saa za kwao, kwetu huanza saa kumi na moja jioni. Ikifika mwisho wa Oktoba, Waingereza hurudisha saa zao nyuma, na mechi zile zile kwetu huanza saa kumi na mbili, giza likiwa linaingia na ukungu umeshashuka. Hivyo utawakuta wakulima wa kabichi na njegere, watu ambao hawajawahi kugusa mshale wa saa zao tangu wazaliwe, wakiulizana kama Ulaya wameshabadilisha saa. Mimi nilicheka nilipoyasikia mara ya kwanza. Halafu nikajiuliza kama kuna mtu hata mmoja kule London anayejua jua la Mgeta linazama saa ngapi.

Msomaji asinielewe vibaya. Sina ugomvi na mpira wa Ulaya. Sisi tuliokua na redio tunaujua utamu wa kuona. Mwaka 1979, Peter Tino alipofunga kule Ndola na kuiwezesha Tanzania kwenda kwa mara ya kwanza kwenye fainali za Mataifa ya Afrika, tulilifahamu bao lile kwa masikio tu. Fainali zenyewe za Lagos, mwaka 1980, vivyo hivyo. Tulifungwa na Nigeria 3-1, tukafungwa na Misri 2-1, tukatoka sare ya 1-1 na Ivory Coast, na kila mmoja wetu alijichorea kichwani kiwanja chake. Televisheni ilianza kuenea Tanzania Bara mwaka 1994 tu, wakati Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Kwa hiyo tarehe 1 Machi 2020, nilipomwona Mbwana Samatta akiifungia Aston Villa kwa kichwa pale Wembley dhidi ya Manchester City, katika fainali ya Kombe la Ligi, sikuona haya kusimama juu ya kiti, pamoja na umri wangu. Villa walifungwa 2-1, lakini siku ile nani alijali?

Linalonisumbua ni jingine. Msimu wa Ulaya haukuombi chochote isipokuwa kiingilio cha kibandani na, kwa vijana wengi, fedha za mkeka. Mkeka ninaousema si wa kulalia, ni ile karatasi ya kubashiri matokeo ya mechi, na kijana anaweza kuuza gunia la karoti asubuhi na jioni gunia zima likawa limelala Ujerumani au Hispania kwa sababu timu fulani imekosa penalti. Lakini haukuombi kusafiri. Na mimi nimezoea kuamini kwamba mshabiki hupimwa kwa safari.

Mji wetu una historia hiyo. Mwaka 1975 Mseto ya Morogoro ilitwaa ubingwa wa nchi, ikaunyang'anya mikononi mwa timu za Dar es Salaam. Baadaye Mtibwa Sugar, timu ya mashamba ya miwa kule Turiani, ikawa bingwa mwaka 1999 na tena mwaka 2000. Watu walikwenda Manungu kwa malori, wakarudi na vumbi hadi kwenye kope. Mtu aliyerudi namna hiyo baada ya timu yake kufungwa alikuwa na haki ya kununa wiki nzima, na mkewe aliielewa haki hiyo.

Ndiyo sababu mwaka 2025, Tanzania, Kenya na Uganda zilipoandaa kwa pamoja fainali za CHAN, zile za wachezaji wa ligi za ndani, nilimwita mpwa wangu ashuke kutoka milimani. Sisi Waluguru, mtoto wa dada ni mzigo wa mjomba, na mzigo huu una miaka kumi na tisa, una jezi ya Arsenal iliyopauka kwa jua la shambani, na ulikuwa haujawahi kuiona Dar es Salaam. Alishuka usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 2 Agosti, juu ya gari la kabichi, kupitia Mzumbe.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba. Umelala?”

“Juu ya kabichi mtu halali, mjomba.”

Tulipanda treni mpya ya umeme, ile iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024. Tulipofika, kijana akapiga hesabu kwa sauti: alitumia muda mrefu zaidi kutoka nyumbani kwao hadi mjini kuliko kutoka mjini hadi Dar es Salaam. Aliisema kama jambo la kuchekesha. Mimi sikuweza kucheka sana. Milima ile ile inayoonekana kutoka kila dirisha la mji wetu, barabara yake bado ni ya kumwomba Mungu.

Usiku ule Uwanja wa Benjamin Mkapa ulimtisha. Unachukua watu elfu sitini, na yeye kwao kiwanja ni kipande cha ardhi kilichochongwa ubavuni mwa mlima, ambapo mpira ukitoka upande wa bondeni mchezo husimama mpaka mtoto akaufuate mtoni. Tulicheza na Burkina Faso. Kabla ya mapumziko tukapata bao la penalti. Watu waliporuka, yeye alibaki akikazia macho goli.

“Unatazama nini?” nikamuuliza.

“Nangoja warudie, mjomba.”

Mzee aliyekaa nyuma yetu alicheka hadi akakohoa. “Kijana, limeshapita hilo!”

Kuanzia hapo hakupepesa macho. Bao la pili, la kichwa la beki Mohamed Hussein, alilipata lote. Tukashinda 2-0. Njiani kwenda Mbagala, kwa ndugu aliyetulaza, alinieleza kwamba kilichomshangaza ni wachezaji wasio na mpira, jinsi wanavyokimbia bure, wanavyonyoosha mikono kuomba na kunyimwa. Kwenye televisheni, alisema, hao hawapo.

Basi ilipofika Ijumaa tarehe 22 Agosti, Tanzania ikacheza robo fainali na Moroko. Yeye alikuwa amesharudi Mgeta, akatazama kibandani. Tulifungwa 1-0. Usiku huo huo, saa nne, West Ham walikuwa wanacheza na Chelsea jijini London, maana msimu mpya ulikuwa umeshaanza. Mwenye kibanda akabadilisha chaneli, hakupoteza dakika. Biashara ni biashara. Kijana alinipigia simu kesho yake. Alisema kabla hata hajamaliza kuumia, kibanda kizima kilikuwa kinashangilia mabao ya Chelsea, na mabao yenyewe yalikuwa matano. Alitoka, akatembea nyumbani ndani ya ukungu.

“Sikuweza kukaa, mjomba,” alisema. Sikujua nimjibu nini. Nilimuuliza habari za karoti.

Miezi minne baadaye Taifa Stars walikwenda Moroko kwa fainali za Mataifa ya Afrika. Huko si safari ya watu wetu. Nauli ya ndege tu ni zaidi ya shamba. Walifungwa na Nigeria 2-1, wakatoka sare ya 1-1 na Uganda, kisha 1-1 na Tunisia, wakavuka hatua ya makundi kwa mara ya kwanza katika historia. Tarehe 4 Januari 2026 wakatolewa na wenyeji kwa bao lile lile moja la Moroko. Mpwa wangu alinisimulia mechi zile kwa simu, na nikagundua anawalaumu wapiga picha wa televisheni: wanamfuata mwenye mpira tu, mabeki wetu wamesimama wapi hatuoni!

Mkeka hajauacha. Jezi ya Arsenal bado anaivaa. Lakini fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2027 zimepangwa kuchezwa hapa, Tanzania, Kenya na Uganda, na Arusha unajengwa uwanja wa watu elfu thelathini. Aliposikia hivyo aliniuliza kama treni ya umeme inafika Arusha. Nikamwambia haifiki, ni basi, kupitia Chalinze na Segera, kisha Same na Moshi, kutwa nzima. Alikaa kimya, nikasikia anahesabu kwa sauti ya chini. Halafu akaniuliza, kwa maoni yangu, gunia la njegere mwaka 2027 litakuwa na bei gani.