Washikaji Wawili, Midoli Kumi na Gemu Iliyotaka Kuua Urafiki

Nottingham, Uingereza, ni mji ambao mtu mzima kucheza na askari wa midoli wala siyo kituko. Hapo ndipo yalipo makao makuu ya Games Workshop, kampuni iliyoanzishwa 1975, wenye gemu ya vita ya Warhammer iliyotoka 1983. Unapanga jeshi mezani, unapima mwendo kwa futi, unarusha dadu kujua nani kapigwa. Tamu kweli, ila jeshi zima linakula hela, na kulipaka rangi kunakula muda.

Sasa washikaji wawili wa mji huo, majina yamehifadhiwa, wakaamua kutengeneza ya kwao. Kila upande midoli mitano tu, meza ya kulia chakula inatosha, mechi inaisha ndani ya saa moja. Mtindo huo wa vikundi vidogo haukuwa mpya. Necromunda ya 1995 na Mordheim ya 1999 zilishapita humo. Wao walitaka iwe nafuu zaidi: unanunua kitabu chembamba cha sheria, askari utajua mwenyewe, hata vizibo vya soda poa tu.

Mmoja alikuwa mtu wa kalamu, mwingine mtu wa mikono, na kasheshe ilianzia hapo. Yule wa mikono alikesha akichonga midoli kumi, mikali kinoma, akataka iuzwe pamoja na gemu. Wa kalamu akapiga hesabu: kalibu, plastiki, maboksi, posta, stoo. Bei inaruka mara kadhaa.

"Mwanangu, tukifanya hivyo hatuna tofauti na wale tuliowakimbia," akasema.

"Kwa hiyo kazi yangu ya miezi minane ni sawa na kizibo cha soda?"

Wakanuniana wiki mbili, na wanaishi nyumba moja.

Kilichowarudisha mezani ni jaribio. Watengeneza gemu wana desturi moja ngumu: unampa mtu baki kitabu chako, unakaa pembeni, unaangalia. Kuandika ruksa, kufafanua marufuku. Rafiki atakusamehe sheria mbovu kwa sababu anakupenda, mtu baki hana muda huo.

Wakawaita wanafunzi wawili wa nyumba ya jirani. Ukurasa wa nne tu, chali. Kumpiga adui aliyejibanza nyuma ya ukuta kulitaka urushe dadu tatu, ujumlishe, utoe, kisha ufungue jedwali. Mmoja akashika simu yake akaanza kuchati. Wa kalamu alitamani ardhi ipasuke.

Mwenzake, binti, akawa anageuzageuza mdoli mmoja mkononi. Akauliza, "Huyu kafungwa bandeji mguuni, mbona anakimbia sawa na wengine?"

Kimya. Swali moja, wote wawili wakapata jibu. Midoli ile haikuwa urembo, ilikuwa imebeba sheria tayari. Kila askari akapewa udhaifu mmoja unaoonekana kwa macho, jedwali zikafutwa, na kurasa 32 zikabaki 12. Halafu midoli ikapigwa picha. Sasa mteja anaprinti nyumbani kwenye karatasi ngumu, anakata, anakunja, anaisimamisha mezani. Sura za mchongaji zipo, bei ipo chini vilevile.

Utajiri? Haujaja, na kazi zao za mchana bado wanazo. Ila wengi wetu tukisikia kitu cha bei nafuu tunadhani kimelipuliwa. Wakati mwingine ni kinyume chake: mtu aliyekupunguzia bei ndiye aliyelipia, kwa usiku wake na kwa kumeza kiburi chake.

Je, ungekuwa wewe ndiye mchongaji, ungekubali kazi ya miezi minane igeuzwe karatasi ili gemu imfikie kila mtu? Au ungebeba midoli yako ukasepa? Funguka hapo chini.