Mzigo wa Mwanda na Ubongo wa Kisogoni

Nilipoanza kusoma fiziolojia Nairobi, miaka ya 1980, habari ya mwendo wa binadamu ilikuwa habari ya misuli, mapafu na moyo. Serebelamu, ule ubongo mdogo ulio kisogoni, tuliupitia haraka: ukiumia, mtu hupepesuka na mkono wake hukosa shabaha. Hayo yalitoka kwa Gordon Holmes, daktari aliyewachunguza askari wa Uingereza waliopigwa risasi kisogoni katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mimi niliyetoka Mwanda, milimani Taita, ambako kila njia ni ya kupanda au kushuka, sikuona bado kwamba somo hilo linanihusu.

Mwaka 1986 ikatoka makala fupi katika jarida la Nature. Mmoja wa waandishi wake alikuwa Geoffrey Maloiy wa Nairobi, pamoja na Norman Heglund, Richard Taylor na wenzao. Walikuwa wamewapima wanawake wa Kiluo wanaojitwika kichwani, na wa Kikuyu wanaobeba mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso. Mzigo usiozidi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuwaongezea matumizi ya nguvu hata kidogo. Ukifika asilimia 30, nguvu iliongezeka kwa asilimia 10 tu. Ukifika 40, kwa 20.

Nilipoisoma niliwaona mama zetu. Mama wa kilo 60 mwenye jerikeni ya lita 20 amebeba theluthi ya uzito wake. Kwa hesabu ile, kwenye tambarare angetumia nguvu zaidi kwa asilimia 13 hivi. Lakini Mwanda hakuna tambarare. Maji yako bondeni, nyumba ziko juu, na mvua ikinyesha udongo unateleza. Nao walipanda wakiongea, mtoto mgongoni, bila kutazama miguu. Hapo swali langu likahama kutoka kwenye misuli: ni nani anayeuongoza mwili huu?

Jibu la kwanza lilikuja mwaka 1995, Heglund na wenzake walipoonyesha kwamba wanawake hao wanapobeba mzigo, mwili wao huyumba mbele na juu kama pendulamu ya saa iliyopinduliwa, na nguvu ya hatua moja hurudi kutumika katika hatua inayofuata. Mwili wa mtu asiyezoea hupoteza sehemu kubwa zaidi ya nguvu hiyo.

Lakini hiyo haikunieleza ni nani anayeiongoza pendulamu. Kufikia wakati huo nilikuwa nimehamia kwenye utafiti wa serebelamu. David Marr mwaka 1969, na James Albus mwaka 1971, walikuwa wamependekeza kwamba ubongo huo hujifunza: kosa likitokea, ishara hufika kwenye seli zake ziitwazo Purkinje, na miunganiko yake hubadilika. Masao Ito wa Japani akatoa ushahidi wa maabara. Tukaacha kuuona kama fundi wa kurekebisha, tukauona kama mtabiri anayejua mguu utatua wapi kabla haujatua. Mwaka 2009 hesabu ya Frederico Azevedo, Suzana Herculano-Houzel na wenzao ilionyesha kwamba kati ya seli za neva bilioni 86 za ubongo wa binadamu, takriban bilioni 69 ziko kwenye serebelamu.

Kisha, mwaka 2010, Ray Lloyd na wenzake waliwapima wanawake wa Kixhosa Afrika Kusini. Hawakuona ile nafuu kwa wote. Wengine mzigo uliwagharimu kidogo, wengine sana, na maumivu ya shingo yalitajwa. Wapo waliosononeka, kana kwamba sifa ya mwanamke wa Kiafrika imevunjwa. Mimi nilifurahi. Hakuna kipaji cha kabila. Kuna mwili wa mtu mmoja na ubongo wake, na kila mmoja hupata njia yake. Tangu hapo nimeacha kuuliza wanawake wa Kiafrika wanabebaje. Nauliza huyu anabebaje, na kwa gharama gani.

Leo Mwanda jerikeni nyingi hupanda kwa bodaboda, na kuna nyumba zenye matangi ya mvua. Sitamani siku za zamani zirudi. Shingo na magoti ya wazee wetu yanatosha kueleza kwa nini. Lakini ujuzi ule unaondoka pamoja nao.

Kwa hiyo nina ombi kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taita Taveta, na kwa kijana yeyote mwenye simu yenye kihisi cha mwendo. Nendeni kwa bibi zenu mkawasalimie, mkawaombe ruhusa, na mpime jinsi wanavyotembea, wakiwa na mzigo mwepesi na bila mzigo. Andikeni pia panapowauma. Kifaa mnacho tayari mfukoni, ila bibi hao hawatakuwapo kila mwaka.